Kitufe cha Kidole cha Mwisho

Kibodi yangu ilianza kula herufi wiki ile ile ambayo wakili wa ghorofa ya juu alikuwa na haraka kuliko kawaida yake, na kawaida yake ni haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni. Aliteremka ngazi na kurasa mkononi, akazitandaza mezani kwangu, akaweka kidole chini ya mstari ambao nusu ya maneno yake yalikuwa na mapengo.

"Dada, mashine yako imeanza kigugumizi?"

Nilitazama, nikaona ni kweli. Mimi! Mimi ambaye watu wa jengo zima wananiita Cherehani, kwa sababu nikianza kutaipu, anayepita nje anadhani kuna mtu anashona sare za shule. Nilizichukua zile kurasa bila kumjibu, maana ningemjibu ningepoteza mteja.

Chumba chetu kiko chini ya ngazi, kwenye jengo la ofisi. Kina mlango wa kioo, meza mbili, mashine ya fotokopi, kikatio cha karatasi na dirisha moja linalotazama ukuta. Mimi nataipu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anatoa nakala, anajalidi, anapokea wateja na anasema. Kusema ndiyo kazi yake kubwa. Tumekaa humo pamoja muda mrefu kiasi kwamba tunagombana kwa mazoea, bila kinyongo, kama watu wengine wanavyosalimiana.

Na kibodi yenyewe haikuwa ya hivi hivi. Ni ya zile nzito, ambazo chini ya kila kitufe kuna swichi yake na springi yake, na ukibonyeza inaitika: ta. Hizi nyingine nyepesi, zenye mpira chini, kuzibonyeza ni kama kukanda unga. Kidole kinazama na hujui kama umesikilizwa. Mimi nilijifunza kazi kwenye taipureta za chuma, mwalimu wetu akitufunika mikono kwa kitambaa ili tusichungulie. Anayetazama vitufe, alikuwa akisema, hataipu, anatafuta. Kila kidole kilipewa vitufe vyake na hakuna kidole kilichoruhusiwa kwenda kwa jirani. Mpaka leo nikikuona unataipu kwa vidole viwili najikaza nisiseme kitu.

Kilichokuwa kinaliwa zaidi ni A. Watu wa lugha nyingine wangeweza kuvumilia. Kwetu sisi A ndiyo chumvi, haikosekani kwenye sentensi yoyote ya maana. Na aliyepanga vitufe hakutufikiria hata kidogo: A ameiweka pembeni kabisa kushoto, chini ya kidole cha mwisho, kile ambacho Mungu alikiumba udongo ukiwa umekaribia kuisha.

Nililaumu vumbi. Nikalaumu unyevu. Nikamlaumu wifi yangu, ambaye hula mkate amesimama nyuma yangu huku anasoma ninachotaipu.

"Makombo yako yameingia humu," nilimwambia.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alisema, bado anatafuna.

"Na wewe ukikosa jibu husingizia methali."

Nikaichomoa kibodi, nikaikunja kwenye taulo, nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta aliye upande wa pili wa jengo. Huyu fundi ni mtu mpole, mrefu, anayeinama hata penye dari refu. Aliichomeka kwenye kompyuta yake, akanyoosha kidole cha shahada, akabonyeza A. Ta. Akabonyeza tena na tena. Ta, ta, ta. Herufi zikajipanga kwenye kioo bila hata moja kupotea.

"Iko sawa, mama."

"Iko sawa kwako. Kwangu inakula."

"Labda ilikuwa vumbi tu, limetoka njiani."

Nikarudi nayo. Ikala. Nikaipeleka tena, akabonyeza kwa kile kidole chake cha shahada kinene, ikaitika kama mtoto mwenye adabu. Umeshawahi kumpeleka mtoto hospitali anaumwa usiku kucha, akifika mbele ya daktari anacheka? Ndivyo nilivyoona aibu. Fundi aliniheshimu, akabadilisha ile swichi ya A hata kama hakuona kosa, akaweka nyingine mpya. Nikarudi nayo, nikaketi, nikaanza hati ya kiapo ya wakili. Ikala.

Hapo nilisema maneno kuhusu mafundi ambayo sitayarudia hapa. Wifi yangu aliacha kujalidi. Alikuja akasimama ubavuni mwangu, safari hii bila mkate, akatazama mikono yangu nikitaipu. Kisha akanisogeza kwa nyonga, kama afanyavyo akitaka kiti, akabonyeza A kwa kidole chake cha shahada. Ta.

"Unaona?" nilisema. "Hata wewe inakuogopa. Mimi tu ndiye inanichezea."

"Tununue nyingine," alisema.

"Nyingine? Wewe? Wewe ambaye stepla mpya tulijadili mwezi mzima?"

"Tununue nyingine, wifi. Nitakwenda mimi kwa fundi. Wewe ukienda mtapigana."

Alikwenda, akakaa huko muda mrefu, akarudi na boksi. Kibodi mpya ilikuwa nyeusi, nzuri, na ilitoa mlio ule ule ninaoupenda, labda mwembamba kidogo upande wa kushoto. Niliijaribu kwa ukurasa mzima wa wakili bila kupumzika. Haikupotea hata herufi moja. Nilifurahi, sitaficha, nilifurahi mpaka nikaimba.

"Umeona sasa?" nilimwambia wifi yangu. "Nilisema nini? Nilisema ni kibodi. Mkaniona mimi ndiye mbaazi."

Hakusema kitu. Aliendelea kunyoosha karatasi zake. Wifi yangu kunyamaza ni kama bomba kukauka ghafla. Mtu mwenye akili angeuliza kulikoni. Mimi nilikuwa nashangilia.

Miezi ikapita, kazi ikaenda. Wakili aliacha kushuka ngazi na kurasa zenye mapengo. Kulikuwa na mambo madogo madogo lakini hayakunisumbua. Blauzi zenye vifungo ziliniudhi, nikaanza kuvaa magauni ya kuvaa kwa kichwa, nikasema ni joto. Kikombe kiliniponyoka nikiosha vyombo, nikasema ni sabuni. Kidole cha mwisho cha kushoto kilikuwa kinafa ganzi nikiamka, nikasema nimekilalia. Nilikuwa na jibu la kila kitu, na yote yalikuwa majibu mazuri.

Mwisho wa wiki moja, wateja walipopungua, niliamua kuisafisha kibodi. Nina kijichombo cha waya cha kung'olea kofia za vitufe. Unazing'oa moja moja, unaziloweka kwenye maji ya sabuni, unafuta vumbi lililobaki chini. Nikaanza upande wa kulia. Chini ya kila kofia kulikuwa na swichi yenye kijiti cha bluu. Nikaendelea hadi katikati: bluu. Nikafika pembeni kushoto, nikang'oa kofia ya A, nikaona kijiti cha waridi. Nikang'oa ya jirani yake, waridi. Juu yake, waridi. Chini yake, waridi. Vitufe vyote vya vile vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilikuwa vya waridi, na vingine vyote vilivyobaki vilikuwa bluu.

Damu ikanipanda. Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Fundi alimwona wifi yangu hajui kitu, akamuuzia kibodi ya viraka, swichi za huku na za kule, masalia ya mezani kwake. Niliacha kofia zinaelea kwenye beseni, nikaikunja kibodi kwenye taulo ikiwa kipara, nikatoka. Wifi yangu alikuwa ametoka kununua gundi. Laiti angekuwepo angenizuia mlangoni.

Fundi alikuwa na mteja, kijana mmoja mwenye simu iliyopasuka kioo. Sikumsubiri amalize.

"Fundi, mimi nimekuwa mteja wako tangu ofisi hii haina hata kiti. Nimekuletea watu. Nimekusifu mbele za watu. Leo unaniuzia kibodi ya viraka?"

Nikaifunua. Alitazama zile rangi mbili, kisha akanitazama mimi, na nikaona uso wake umebadilika. Haukuwa uso wa mwizi. Nimewaona wezi, huwa wanapaza sauti. Yeye alishusha.

"Mama, keti kidogo."

"Sikai."

"Zile za waridi ni mpya. Hata ni ghali kuliko za bluu."

"Kwa nini zitofautiane, basi? Nani alikuomba?"

Akamtazama kijana wa simu, akatazama bisibisi yake. "Zina springi nyepesi," alisema. "Zinashuka hata ukizigusa kidogo tu. Mengine, mama, kamuulize wifi yako. Tafadhali. Mimi niliahidi."

Nilirudi polepole. Hasira ilikuwa bado ipo lakini haikujua tena imwendee nani.

Wifi yangu alikuwa kwenye kikatio cha karatasi. Aliona taulo, akaona beseni la kofia za vitufe, akaufunga mlango wa kioo na kugeuza kibao upande wa TUMEFUNGA. Kisha akainama chini ya meza yake, akatoa kitu nilichodhani kilitupwa zamani: kibodi yangu ya kale. Akaichomeka.

"Bonyeza A," alisema.

"Sitaki michezo."

"Bonyeza, wifi."

Nikabonyeza kwa kidole changu cha A, kile cha mwisho cha kushoto. Kitufe kilishuka nusu, kikasimama. Nikasukuma. Kidole kilitetemeka, kikapinda, kikakataa. Kioo kilibaki kitupu.

"Sasa bonyeza kwa kidole cha shahada."

Ta.

Nilibonyeza tena kwa cha mwisho. Hakuna. Kwa cha shahada: ta. Nilirudia kama mtu anayepekua mkoba akijua kabisa funguo hazimo. Kumbe fundi alikuwa anaiuliza swali kwa kidole kisichohusika. Fundi hataipu, anabonyeza. Angewezaje kujua kwamba kila kitufe nina kidole chake, na kwamba kidole hicho sikibadilishi hata nikifa? Kibodi ilikuwa nzima siku zote. Kibovu kilikuwa mimi.

Niliketi. Mkono wangu niliuweka mapajani, nikautazama kama mkono wa mtu mwingine. Mtu wa kazi yangu ana mikono tu. Sina duka, sina shamba, sina cheti cha maana. Nina vidole kumi vilivyofundishwa chini ya kitambaa. Nikahesabu tisa.

"Uligundua lini?" nilimuuliza.

"Siku ile nilipokusogeza kitini. Niliona kidole hakishuki. Nikaenda kwa fundi nikamwomba aweke kitu chepesi upande ule, asikwambie."

"Miezi yote hii."

"Ulikuwa unaimba, wifi. Nilikuonea huruma."

"Hukunionea huruma! Umenificha mkono wangu mwenyewe! Mkono ni wangu, ugonjwa ni wangu, na habari zake umekwenda kumpa fundi wa kompyuta!"

Nilichukua mkoba wangu nikaenda nyumbani na nguo yangu imelowa maji ya sabuni.

Mume wangu ni mtu asiyezungumza kabla ya kumaliza kula, na jioni ile nilimngoja amalize ndipo nikamweleza. Alinawa, akanyoosha kidole chake, akasema, "Bana hapa." Nikabana kwa vidole viwili vya mwisho. Akakivuta kidole chake kikatoka bila shida.

"Na wewe ulijua?" nilimuuliza, tayari nimeshika kiuno.

"Mama watoto, mimi nilijua umeacha blauzi. Nilidhani ni mitindo." Akajifuta mikono. "Kesho hospitali."

Daktari alikuwa binti mdogo kiasi kwamba nilitaka kumuuliza mama yake yuko wapi. Lakini alikuwa na mikono yenye uhakika. Alichukua kipande cha karatasi, akakipachika katikati ya vidole vyangu viwili vya mwisho vya kushoto, akaniambia nikishike nisimwachie. Alivuta kidogo tu, kikatoka. Karatasi! Kitu ambacho nimekishika maisha yangu yote. Machozi yalinitoka pale pale na sikujisumbua kuyafuta.

Alinigonga taratibu kiwiko kwa ndani, na umeme ukapita mpaka nchani mwa kidole.

"Ukisoma, mama, unaegemea wapi?"

Sikuhitaji kufikiri. Nikisoma miswada ya watu ninaegemea kiwiko cha kushoto kwenye ukingo wa meza, kidevu kiganjani, na ninaweza kukaa hivyo tangu asubuhi hadi chai ya saa nne. Ngozi ya kiwiko imekuwa ngumu na nyeusi. Daktari alinieleza kwamba mshipa wa fahamu wa kidole cha mwisho unapita hapo, karibu kabisa na ngozi, na mimi nimekuwa nikiulalia kila siku. Alinipa kitu cha kufunga mkono usikunjike nikilala. Alisema nisitaipu kwa mkono huo kwa muda, nisiegemee tena kabisa, na turudi kuangalia. Ikishindikana, kuna upasuaji mdogo.

"Nguvu zitarudi?"

"Siwezi kukuahidi. Mara nyingi hurudi, polepole. Ungekuja mapema kidogo ningekujibu kwa uhakika zaidi."

Mapema kidogo. Nilitoka na maneno hayo mdomoni kama kokoto. Na nani yuko kwenye benchi la nje, mwisho kabisa, karibu na mtungi wa maji? Wifi yangu. Hakuna aliyemwita. Ofisi alikuwa ameifunga.

Nilikaa upande mwingine wa benchi, watu watatu katikati yetu. Mmoja alipoitwa ndani, nikasogea. Wa pili akaitwa, naye akasogea. Wa tatu alikuwa bibi aliyesinzia, tukazungumza juu ya kichwa chake.

"Daktari anasema ningekuja mapema," nilisema.

"Najua."

"Hujui. Kama kidole hakitarudi, ujue ni wewe."

Aliinamisha kichwa. Nilitegemea aniletee methali, nami nilikuwa nimejiandaa kuirarua. Hakuleta.

"Jana nilikwambia nilikuonea huruma," alisema. "Nimedanganya. Niliogopa. Wewe ukisimama, mimi ni nani pale? Nabana karatasi. Watu wanakuja kwa ajili ya Cherehani, wakishafika ndiyo wanatoa nakala. Nilisema, acha iende hivi kidogo, labda itapona yenyewe. Kila siku nilisema leo nitamwambia. Nikikuona umeketi unataipu, nashindwa."

Bibi aliamka akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Huyu anaomba msamaha," aliniambia, "au unangoja apige magoti?"

"Ni wifi yangu," nilisema.

"Aa," alisema bibi, na akarudi kusinzia, kama kwamba hilo limeeleza kila kitu.

Sikumsamehe siku ile. Nisidanganye. Tulirudi kazini pamoja lakini kwa siku kadhaa tulikuwa tunazungumza kupitia wateja. "Mwambie mama huyo anipe gundi." "Mwambie mama huyo gundi iko mbele ya macho yake." Wateja walidhani ni mzaha wetu wa kawaida, wakacheka, wakatupitishia gundi. Ila kazi haingoji watu wapatane. Wakili alishuka na mkataba, haraka yake mkononi, na mimi mkono mmoja umefungwa. Wifi yangu akaketi kwenye kiti changu bila kuambiwa. Akatafuta herufi ya kwanza, akaipata. Akatafuta ya pili. Kuku akidonoa mtama ana kasi kuliko hiyo.

Nilivumilia mistari miwili.

"Wifi, ondoa hicho kidole. A si ya huyo. A ni ya kidole cha mwisho."

"Cha mwisho hakina nguvu."

"Kitakuwa nayo. Weka mkono vizuri. Usitazame chini." Nikavua mtandio wangu, nikautandaza juu ya mikono yake.

Kwa hiyo tuliendelea hivyo, mimi nikisoma kwa sauti nimekaa wima kama askari, yeye akitaipu chini ya mtandio na kulaani kwa sauti ndogo. Wakili alilalamika kwamba mikataba yake inachelewa. Nilimwambia aende anakokujua. Hakwenda.

Kulikuwa na jambo moja nililolitaka, nikaenda nalo kwa fundi. Nilimpelekea chai ya chupa nzima. Sikusema samahani, kwa sababu si neno linalonitoka vizuri, lakini fundi aliinywa yote na nadhani alielewa.

"Toa ile springi nyepesi ya A," nilimwambia. "Rudisha ya bluu, nzito, kama ya vingine."

"Lakini, mama, hutaweza—"

"Najua sitaweza. Nataka kitufe kinachoniambia ukweli."

Akairudisha. Tangu siku hiyo, kila asubuhi tukifungua, kabla mteja hajaingia, naketi, naweka kidole changu cha mwisho juu ya A, nasukuma. Kila asubuhi kitufe kilishuka nusu kikasimama. Sikukasirika. Kilikuwa kinanijibu jibu la haki, na mimi nikaondoka nikaenda kukaa wima kwenye kiti changu cha kusomea.

Wifi yangu hakuwahi kuuliza. Ila niligundua kwamba mashine ya fotokopi, ambayo siku zote ilikuwa inaanza kuunguruma hata kabla hajavua mkoba begani, sasa ilikuwa haiwashwi mpaka nimalize. "Bado haijapata moto," alikuwa akisema, wakati taa yake hata haijawaka. Alikuwa anajishughulisha nyuma yake, anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa, na chumba kinakuwa kimya kabisa. Nilimwacha.

Daktari aliniona tena. Akavuta karatasi, nikaishika kidogo kabla haijatoka. Alisema ni dalili. Mimi sikumwambia mtu, maana dalili si herufi.

Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha na wateja walikuwa wamechelewa. Nilivua koti, nikaketi, nikaweka kidole. Nikasukuma bila kutegemea kitu, nikiwaza kama tumebakiwa na karatasi za kutosha. Kitufe kikashuka nusu. Kikasita. Kisha kikaendelea kushuka.

Ta.

Ulikuwa mlio mdogo, mvivu. Kwenye kioo kulikuwa na herufi moja. Niliitazama.

Nyuma ya mashine ya fotokopi karatasi ziliacha kuchakarika.

"Ni kidole kipi hicho?" aliuliza wifi yangu.

"Cha mwisho."

"Usinidanganye, wifi."

"Kati yetu mimi na wewe nani mwongo? Cha mwisho."

"Rudia."

Nikasukuma. Hakikushuka. Nikapumzika, nikaegemeza mgongo, si kiwiko, nikasukuma tena, nikawaza mwalimu wangu na kitambaa chake, nikawaza sauti yake ya ukali, nikasukuma.

Ta.

Hakutoka kule nyuma. Nilisikia akiwasha mashine, akifungua kifuniko, akikifunga kwa nguvu, akipenga kamasi. Nilipoinuka kwenda kumtazama alikuwa amenipa mgongo na uso wake wote umelowa.

"Mashine hii," alisema, "imenirushia unga wa wino machoni."

Hapakuwa na unga wowote, mikono yake ilikuwa safi kabisa. Nikamwambia tutamwita fundi aje aiangalie.